Dawa Mbili za Maumivu Baada ya Kupasuliwa

Mtu anaweza kupasuliwa ngiri au uvimbe mdogo asubuhi, na jioni akarudi nyumbani. Ganzi ikiisha, maumivu huanza. Kwa hiyo hupewa dawa. Mara nyingi bahasha huwa mbili: moja ya parasetamoli, nyingine ya ibuprofeni.

Mzee mmoja alipasuliwa ngiri. Siku ya tatu nilimkuta amelala, anaogopa hata kukohoa.

"Shikamoo mzee. Dawa unameza?"

"Marahaba. Nameza moja, mwanangu. Ya pili nimeiweka. Dawa mbili za maumivu si zitaniua?"

Wengi huogopa hivyo. Lakini dawa hizi si za aina moja. Ibuprofeni hupunguza uvimbe na maumivu penye kidonda. Parasetamoli hutuliza maumivu kwa njia nyingine. Zikitumiwa pamoja, hutuliza zaidi kuliko moja peke yake. Gogo zito hubebwa na watu wawili.

Nilimwuliza kama ana vidonda vya tumbo. Hakuwa navyo. Alikula uji, akameza zote mbili. Kesho yake alitembea uani. Kutembea huzuia damu isigande miguuni. Kukohoa na kuvuta pumzi vizuri hulinda mapafu.

Je, utamezaje dawa hizi? Soma bahasha yako. Ukiona 2 x 4, namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara kwa siku. Yaani vidonge viwili, kutwa mara nne.

Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi huweza kuandikiwa hivi:

1. Parasetamoli ya miligramu 500: vidonge 2 kila baada ya saa 6. Asizidishe vidonge 8 kwa siku.

2. Ibuprofeni ya miligramu 400: kidonge 1 kutwa mara tatu, baada ya kula.

Usingoje maumivu yakuzidi. Siku za kwanza meza kwa saa zake. Yakipungua, punguza dawa.

Sasa jihadhari:

Panadol ni parasetamoli. Ukimeza zote, umemeza dawa moja mara mbili. Dawa nyingi za mafua pia zina parasetamoli. Ikizidi huharibu ini. Pombe nayo iache.

Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ni ndugu. Usizichanganye kutuliza maumivu. Zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Kama daktari amekupa aspirini ya moyo, mwambie kwanza.

Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo au pumu, na mama mjamzito, asimeze ibuprofeni bila kumwuliza mganga. Mtoto asipewe dawa ya mtu mzima. Dawa yake hupimwa kwa uzito wake.

Rudi hospitali upesi ukiona kidonda kinatoa usaha au damu, una homa, choo ni cheusi kama lami, au maumivu yanazidi badala ya kupungua.

Ndugu msomaji, kabla hujaondoka hospitali uliza: "Dawa hii inaitwaje? Nimeze ngapi? Mara ngapi? Naweza kuimeza pamoja na hii nyingine?" Kuuliza si ujinga. Ukifika nyumbani, msomee jirani asiyejua kusoma bahasha yake. Huenda naye ameiweka dawa moja kwa hofu.