Mtandamboo: uhakikishe kwa mwiba kabla ya kuupanda

Anayetaka uzio hai usiopukutika kiangazi, awe juu Newala au chini Masasi, hana haja ya kuagiza miche ya mbali. Mtandamboo upo. Ni kichaka cha kienyeji, kijani mwaka mzima, chenye maua meupe yanayonukia na matunda meusi matamu ambayo watoto wachungaji wanayajua vizuri. Kitaalamu unaitwa Carissa spinarum, ingawa vitabu vingi vinauandika Carissa edulis. Huota vichakani, kwenye vichuguu na kwenye miteremko yenye mawe.

Kabla ya kuzungumzia kitalu, sharti tumjue ndugu yake mmoja. Huyo ni msunguti, wa jenasi ya Acokanthera, ambao gome na mizizi yake huchemshwa kupata sumu ya mishale. Wawindaji wa Kigiriama na Kikamba nchini Kenya waliangusha tembo kwa sumu hiyo. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mwanasayansi aliyezaliwa Tabora, pamoja na wenzake walieleza jinsi panya mmoja mkubwa mwenye mshungi anavyotafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake yenye sumu kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa anayemng'ata aweza kufa. Kilichomo kwenye gome hilo ni uabaini, sumu inayovuruga mapigo ya moyo.

Miti hii miwili inafanana mno. Vunja jani la mtandamboo, utomvu mweupe unatoka. Vunja la msunguti, unatoka vilevile. Yote miwili ina majani magumu yanayong'aa, yaliyopangwa mawili mawili yakitazamana, na maua meupe yaliyoguswa na wekundu, yamekaa kwa vishada. Matunda ya yote miwili yakiiva huanza na wekundu, kisha huwa ya zambarau iliyokoza.

Basi angalia tawi. Mtandamboo una miiba iliyonyooka, migumu, inayofika hata sentimita 4 au 5. Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Chipukizi changa la mtandamboo laweza kukosa miiba, kwa hiyo shika matawi yaliyokomaa. Ukipasua tunda la mtandamboo, ambalo ni dogo na la mviringo, kwa kawaida utakuta mbegu 2 hadi 4. La msunguti ni kubwa zaidi, lina mbegu 1 au 2. Lakini tunda lisiwe kipimo chako cha kwanza. Pasipo mwiba, usichume.

Mbegu zitoke kwenye kichaka ulichokihakikisha hivyo. Chagua matunda yaliyoiva kabisa, yakamue, sugua mbegu kwa mchanga na maji hadi ulimbo uishe, zianike kivulini kidogo, kisha uzisie mapema kwenye viriba vyenye udongo wa juu uliochanganywa na samadi. Mwanzoni miche hukua polepole, na wengi hukata tamaa hapo. Vumilia.

Juu ya uwanda wa Makonde mchanga ni wa kina na maji ya mvua huzama upesi. Chemchemi ziko chini kwenye miteremko, na kwa miaka mingi kina mama walipanda miteremko hiyo na ndoo kichwani. Kwa hiyo usitegemee kumwagilia. Hamishia miche shambani mvua zinapoanza kunyesha vizuri, kwa kawaida mwezi Desemba, ili mizizi ipate miezi yote ya masika kushuka chini. Kwa uzio, nusu mita kati ya mche na mche inatosha. Mbuzi hupenda majani yake, hivyo zungushia matawi makavu mpaka miiba ikomae, kisha pogoa mara kwa mara ili matawi yashikane.

Wanaofyeka vichaka kupanua mikorosho nawasihi wabakize mtandamboo mpakani. Nyuki wanafuata maua yake, na hakuna mche wa kitalu utakaoufikia upesi mti mzima uliokwisha kujishikilia ardhini.

Mtoto akila tunda lenye shaka, akatapika au mapigo ya moyo yakabadilika, msisubiri dawa ya nyumbani. Mkimbizeni hospitali, na mkate tawi la mti ule, lenye majani na tunda, mwende nalo ili daktari aone alichokula.