Makanga akiita ‘Kariokor!’, anaita nani?

Wewe wa Ziwani, Kariokor unaijua kwa nyama choma na viondo. Lakini jina lilitoka wapi?

Mwaka wa 1914 vita vya Wazungu vilifika huku. Kamanda Mjerumani, Lettow-Vorbeck, alikuwa na askari wachache, basi akawachezesha Waingereza kama paka na panya: anashambulia, anatoweka, anavuka hadi Msumbiji, anageuka tena. Alisalimu amri Novemba 1918.

Mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe. Nani basi alibeba unga na risasi? Vijana wa rika lako, wengi wakilazimishwa. Kikosi chao cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Midomoni kikawa Kariokor. Zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi, si risasi.

Leo makanga akiita, ujue anawaita wao.