Kizazi kilichofungwa: Je, chaweza kufunguliwa?

Mwanamke mmoja wa miaka 34 alikuja kliniki kwangu. Alikuwa amefunga kizazi miaka sita mapema, baada ya kujifungua mtoto wa tatu. Mumewe alifariki, naye akaolewa tena. Sasa yeye na mumewe wa pili walitaka mtoto wao.

"Daktari, chama kimenipa mkopo. Nataka nifunguliwe," alisema.

Wengi hudhani kizazi hufungwa kama mlango, ukitaka unaufungua tena. Sivyo. Njia hii huhesabiwa kuwa ya kudumu, ingawa wengine hufanikiwa kufunguliwa.

Yai la mwanamke hupitia kwenye mirija miwili, na humo ndimo hukutana na mbegu ya mwanamume. Kila mrija una urefu wa sentimita 10 hivi. Wakati wa kufunga, daktari huufunga kwa uzi na kukata kipande, huubana kwa pete au kibanio, huuchoma kwa umeme, au huuondoa wote.

Kufungua ni kazi ngumu zaidi. Mgonjwa hutiwa usingizi, kisha daktari bingwa huondoa sehemu yenye kovu na kuunganisha ncha mbili kwa uzi mwembamba sana, huku akitumia kioo cha kukuza.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, chunguza mambo matatu.

Kwanza, ulifungwa vipi? Tafuta faili yako katika hospitali uliyofungiwa. Waliobanwa kwa pete au kibanio wana matumaini zaidi kuliko waliochomwa. Mrija uliobaki mfupi kuliko sentimita nne hupunguza nafasi. Ulioondolewa wote hauwezi kuunganishwa.

Pili, una umri gani? Miongoni mwa wanawake walio chini ya miaka 35 na wenye mirija mizuri, zaidi ya nusu hupata mimba. Baada ya miaka 40 nafasi hushuka sana, kwa sababu mayai nayo huzeeka.

Tatu, mume amepimwa? Hapa ndipo wengi hukosea. Nilipomwomba mume wa mama huyu apimwe mbegu, alikataa. "Mimi nina watoto wawili. Nipimwe nini?" aliuliza. Mwishowe alikubali, na majibu yakaonyesha mbegu chache tena dhaifu. Kama mkewe angepasuliwa kwanza, huenda mkopo ungeisha bure.

Hata upasuaji ukifaulu, kuna hatari ya mimba kutunga ndani ya mrija badala ya mji wa mimba. Kwa hivyo ukikosa hedhi, nenda upigwe picha ya ultrasaundi mapema. Ukiumwa upande mmoja wa tumbo, ukitokwa na damu au ukiona kizunguzungu, kimbilia hospitali mara moja. Mrija ukipasuka, mama anaweza kufa.

Kuna njia nyingine, ambayo yai hurutubishwa maabara na kurudishwa tumboni bila kupitia mirija. Mtoto wa kwanza wa njia hii alizaliwa Uingereza mwaka wa 1978, na hapa Nairobi walizaliwa wa kwanza mwaka wa 2006. Gharama yake ni kubwa na jaribio moja huenda lisitoshe, lakini huwafaa walioondolewa mirija au ambao waume wao wana mbegu chache.

Kwa wanaofikiria kufunga, msiamue mkiwa na uchungu wa uzazi au kwa kushinikizwa. Utafiti mmoja wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka 14 ulionyesha kuwa asilimia 20 ya waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini walijuta, ikilinganishwa na asilimia 6 ya waliokuwa wamepita umri huo. Koili ya shaba huzuia mimba kwa miaka 10 au zaidi, na ukiitoa unaweza kuzaa tena.

Mama yule na mumewe sasa wanamwona bingwa, wote wawili. Pesa za chama bado ziko benki.