Mtoto wa jicho si embe la kusubiri liive

Katika kliniki za macho swali la kwanza huwa lilelile: "Mtoto wa jicho ameshakomaa?" Mgonjwa huliuliza kabla hajakaa, mwanawe aliyemsindikiza hulirudia mlangoni, na wapo hata wahudumu wa afya wanaolijibu kana kwamba lina maana. Swali hilo lilipitwa na wakati kitambo, na kuendelea kulijibu kunawagharimu watu macho yao.

Jina lenyewe limechangia. Mtoto hukua, basi asubiriwe akue. Ila ndani ya jicho hakuna kilichozaliwa wala kilichoota. Kuna lenzi ileile ya tangu utotoni, iliyokaa nyuma ya mboni, ambayo protini zake zimeharibika kwa umri, kisukari, jeraha au matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi. Ute wa yai ukipata moto hufanya vivyo hivyo: ulikuwa unapitisha mwanga, sasa ni mweupe, wala haurudi ulivyokuwa.

Zamani kusubiri kulikuwa na mantiki. Lenzi iliyochafuka ilitolewa na pahali pake pakabaki patupu; mgonjwa akamaliza maisha yake na miwani minene iliyokuza vitu na kupotosha pembe zake. Kwa mtu anayeona nusunusu, hiyo haikuwa nafuu. Aidha, kwa vifaa vya wakati ule, lenzi iliyokomaa ilitoka bila kuacha masalia mengi ya kuliwasha jicho. Kisha Harold Ridley akapandikiza lenzi ya plastiki ndani ya jicho jijini London mwaka 1949, na mwaka 1967 Charles Kelman wa Marekani akaanza kuivunja lenzi kwa mawimbi ya sauti ndani ya jicho na kuifyonza kupitia tundu dogo. Sababu zote mbili za kusubiri zikafa. Ushauri ukabaki.

Na ushauri huo una madhara. Embe likiiva hulainika; lenzi ikikomaa huwa ngumu, wakati mwingine ya kahawia kama kokwa. Daktari hulazimika kukata jeraha kubwa zaidi au kutumia nguvu nyingi zaidi kuivunja, na konea na kifuko cha lenzi huwa hatarini zaidi. Lenzi nyingine huvimba na kuziba njia ya maji ya jicho, nyingine huvujisha protini zake. Presha ya jicho hupanda ghafla, jicho huwa jekundu na kuuma vibaya, mgonjwa hutapika. Mshipa wa fahamu wa jicho ukifa kwa presha hiyo, hakuna upasuaji unaoufufua. Tena lenzi nyeupe kabisa humzuia daktari kuona retina, kwa hiyo madhara ya kisukari yaliyojificha nyuma yake hugunduliwa baada ya upasuaji, wakati familia inasubiri muujiza.

Wanaosubiri aghalabu hawasubiri mikono mitupu. Hutia asali, utomvu wa majani, maziwa ya mama, au matone ya kichupa kinachouzwa kwa ahadi ya "kuyeyusha". Hakuna tone lililothibitishwa kuisafisha lenzi ya binadamu, kama ambavyo hakuna dawa ya kuligeuza yai la kuchemsha kuwa bichi. Kinachofikiwa na vitu hivyo ni konea, nayo hupata vidonda na makovu. Shuhuda za mzee aliyetia asali akaanza kusoma gazeti bila miwani huenda ni za kweli, ila sifa si ya asali. Kiini cha lenzi kinapoanza kuwa kigumu, jicho huvutwa kwenye uoni wa karibu, na miwani ya kusomea huwekwa kando kwa muda. Hiyo ni dalili ya ugonjwa kuendelea. Baada ya miezi kadhaa gazeti nalo hufifia.

Swali linalostahili kuulizwa ni moja: uoni huu unazuia kazi gani? Anayechambua mchele na kuacha mawe, anayekosea ngazi, dereva anayepofushwa na taa za magari usiku, hao wana sababu ya kutosha. Ambaye miwani mipya inamtosha anaweza kungoja, mradi apimwe mara kwa mara. Mtoto mchanga mwenye mboni nyeupe hangoji hata kidogo, kwa kuwa ubongo wake unajifunza kuona sasa.

Mgonjwa akiamua kupasuliwa, mambo ni machache. Upasuaji wa mkono wa jeraha dogo, ambao kwa kawaida hauhitaji nyuzi, na ule wa mawimbi ya sauti huleta uoni unaokaribiana. Wa pili hutumia mashine ghali. Jicho hupimwa kwanza ili kuchagua nguvu ya lenzi. Lenzi ya kawaida huonyesha mbali, miwani ya kusomea ikabaki. Za masafa mengi hupunguza miwani lakini huleta duara za mwanga usiku. Ganzi hutiwa jichoni tu, kazi huisha mara nyingi ndani ya nusu saa, na kwa kawaida hufanywa jicho moja kwanza. Matone hutumika kwa wiki kadhaa, jicho halisuguliwi. Maumivu makali, wekundu unaozidi au uoni unaoshuka ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo, kwani maambukizi ni nadra lakini hupofusha. Mtoto wa jicho harudi. Kifuko kilichobaki kikififia baadaye, hutobolewa kwa leza kwa dakika chache. Mwenye glaukoma au retina iliyoharibika aambiwe mapema kwamba lenzi mpya haitibu hayo.