Farasi na punda waliotelekezwa huokolewa vipi?

Kumtoa mnyama aliyekonda mikononi mwa mwenyewe ni sehemu nyepesi ya kazi. Kumrejeshea afya, na kuhakikisha kwamba mwingine hatateseka mahali pake, ni shughuli ya jamii nzima.

Waafrika Mashariki wanaofanya kazi West Bay, eneo la maghorofa marefu jijini Doha, hawana haja ya kusafiri mbali kumwona farasi aliyetunzwa. Magharibi mwa jiji hilo kipo kituo cha Al Shaqab, kilichoanzishwa mwaka 1992 na Sheikh Hamad bin Khalifa Al Thani, ambako farasi wa Kiarabu wana mabanda yenye viyoyozi na bwawa lao la kuogelea. Wenzao wengi duniani hawaishi hivyo. Huvuta mikokoteni, hubeba maji, saruji na mchanga, na hulishwa kwa kadiri ya alichopata mwenyewe siku hiyo.

Barua kutoka Cairo

Mfano unaojulikana zaidi wa uokoaji wa aina hii ulianzia Misri. Mwaka 1930 Dorothy Brooke, mke wa afisa wa jeshi la Uingereza, aliwasili Cairo na kukuta farasi waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wangali wakifanyishwa kazi, wazee, vilema na mifupa mitupu. Aprili 1931 barua yake ilichapishwa katika gazeti la Morning Post la London, na wasomaji wakatuma fedha. Katika muda wa miaka mitatu walinunuliwa farasi wapatao 5,000.

Wengi wao hawakuweza kuponywa, na ilibidi wauawe kwa njia isiyo na maumivu. Tena ununuzi una kasoro yake: mwenye mkokoteni aliyemwuza farasi wake hana budi kumtafuta mwingine, maana nyumbani watoto wanangoja chakula. Hospitali ambayo Bi Brooke aliifungua mjini humo mwaka 1934 ilikuwa jibu bora zaidi, kwani iliwatibu bila malipo wanyama wa maskini waliokuwa bado kazini. Shirika lenye jina lake hufanya kazi Kenya pia.

Hatari ya kushiba ghafla

Wengi hudhani kwamba tiba ya mnyama mwenye njaa ni kumjazia nafaka. Hilo laweza kumwua. Mwili uliozoea njaa kwa wiki nyingi ukipokea nafaka nyingi kwa ghafla, madini muhimu katika damu hupungua kwa kasi, na moyo huweza kushindwa kufanya kazi siku chache baadaye. Ndiyo maana waganga wa mifugo huanza na majani makavu, hasa ya lusini, kidogo kidogo na mara nyingi kwa siku. Uzito hurejea baada ya miezi kadhaa.

Punda ana hatari nyingine. Akisusa chakula, mafuta ya mwilini huyeyuka, yakajaa katika damu na kuharibu ini. Kumtenga na mwenzake aliyemzoea, hata kwa nia njema, kwaweza kumfanya asusie. Kisha kuna kwato, meno, minyoo, na vidonda vya mgongo vinavyotokana na soji nyembamba au chafu. Kidonda kama hicho ni mlango wa pepopunda, maradhi ambayo Kiswahili chenyewe kimeyapa jina la mnyama huyu.

Lori la Lamu

Katika mji wa kale wa Lamu, wenye vichochoro ambamo gari halipiti, punda ndiye lori. Shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza, lililoasisiwa na Elisabeth Svendsen, lilifungua kituo huko mwaka 1987. Punda hutibiwa bure na kupewa dawa ya minyoo, na yamekuwapo mashindano ya punda aliyetunzwa vyema. Huenda zawadi hiyo imefanya kazi kuliko mahubiri mengi, kwa sababu humpa mwenye punda fahari badala ya lawama. Lakini punda wanaozurura hula pia mifuko ya plastiki jalalani, na tumbo likaziba. Hapo anayetakiwa kubadilika ni kila mwenye kutupa taka.

Ngozi

Tishio kubwa zaidi lilitoka mbali. Ngozi ya punda huchemshwa kutengenezea ejiao, dawa ya jadi ya China. Kuanzia mwaka 2016 machinjio yenye leseni yalifunguliwa Kenya, na katika miaka mitatu takriban punda 300,000 walichinjwa. Wizi ukaenea. Familia iliyoamka na kukuta zizi tupu ilirudi kubeba maji mgongoni, na aghalabu wabebaji ni mama na binti zake.

Februari 2020, baada ya wenye punda kulalamika, serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima.