Nyonga mpya kwenye busati la zamani

"Mwanangu, nitakaa chini lini?"

Wazee wa Matrah, hapa Oman, waliobadilishiwa nyonga huniuliza swali hilo kuliko jingine lolote, na mara nyingi hulitanguliza kabla ya kuuliza lini watatembea. Bibi anayeuliza huenda alizaliwa Unguja au Pemba, akaja Oman na wazee wake miaka ya 1970. Nyumba yake ina jiko la kisasa na televisheni ya ukuta mzima, lakini chumba kinachobeba maisha ya familia bado ni kile chenye busati na matakia. Humo kahawa humiminwa, sinia la wali hutengwa, na wajukuu hulala mapajani mwake. Ukimwambia asikae chini, anasikia umemtoa kwenye mazungumzo ya nyumba.

Karatasi nyingi za maelekezo anazopewa mgonjwa siku ya kuruhusiwa zimeandikwa kwa kufuata nyumba ya kiti na meza. Zimesema kweli, ila busati hazilijui. Kazi yangu ni tiba ya mazoezi ya viungo, na kadiri ninavyoendelea nayo ndivyo ninavyoamini kwamba nyonga mpya hutunzwa au huharibiwa nyumbani, kwa namna mtu anavyokaa, anavyoinuka na anavyohudumiwa na wanawe.

Nyonga ni kiungo cha tufe na kikombe. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, nacho kinazunguka ndani ya kishimo cha mfupa wa kiuno. Gegedu likishalika, mfupa husaga mfupa. Upasuaji tunaoujua leo ulishika njia mwaka 1962 katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, pale daktari John Charnley alipoanza kuweka kichwa kidogo cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki ngumu iitwayo polithilini. Alikuwa amejaribu kwanza vikombe vya Teflon. Vikalika ndani ya miaka michache na wagonjwa wengi wakalazimika kufunguliwa tena. Kichwa chake kilikuwa na kipenyo cha milimita 22 na ushei. Vya siku hizi aghalabu ni milimita 32 au 36, na kikubwa hakichopoki kwa urahisi kama kidogo.

Lakini hata kikubwa huchopoka. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu nyama na mishipa iliyokatwa ili kufika kwenye kiungo bado haijashikana sawasawa. Ukikunja nyonga kupita pembe mraba, ukakutanisha mapaja au kupishanisha miguu, kisha ukageuza goti na unyayo kuelekea ndani, shingo ya chuma hugusa ukingo wa kikombe, na kichwa kikabanduliwa kama kizibo cha chupa ya soda. Sasa mtazame mtu anayeinuka kutoka kwenye busati baada ya chakula. Amejikunja, amelalia upande mmoja, goti limeingia ndani, mkono uko chini. Miondoko yote mitatu imekutana kwa nukta moja.

Muulize daktari wako wa upasuaji alipitia mlango gani. Aliyepitia nyuma, upande wa tako, atakukataza miondoko hiyo mitatu. Aliyepitia mbele ana hofu nyingine: kunyoosha mguu sana kwenda nyuma huku unyayo umegeukia nje. Siku hizi hospitali nyingi zimelegeza makatazo ya zamani, na wagonjwa wawili waliolala kitanda kwa kitanda wanaweza kupewa maagizo tofauti. Kwa hiyo usifuate ya jirani.

Nyumba nayo itayarishwe kabla mgonjwa hajarudi. Kiti kiwe kigumu, chenye mikono, na kitako chake kiwe juu ya usawa wa magoti. Sofa laini la majlisi, lile linalokumeza, halina tofauti kubwa na sakafu. Choo cha kuchuchumaa kisitumike kabisa miezi hiyo, na cha kukalia kiongezewe kiti cha plastiki cha kukiinua. Vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali na bei yake si kubwa. Sakafu ya bafuni isibaki na maji ya ule mpira wa kujisafishia. Ndara zinazoteleza ziwekwe kando, avae kiatu chenye kushika kisigino. Pembe za busati zilizojikunja zibandikwe chini, na mazulia madogo ya mlangoni yakunjwe yawekwe kabatini.

Kwenye mitaa ya zamani nyuma ya soko, nyumba zimepanda mlimani na ngazi zake ni nyembamba na za ghafla. Kama chumba cha kulala kiko juu, shusha kitanda chini kwa wiki chache. Ikibidi kupanda, mguu mzima utangulie na wenye nyonga mpya ufuate. Katika kushuka, gongo na mguu wenye nyonga mpya ndio hutangulia. Mguu mzima ndio unaofanya kazi nzito ya kuubeba mwili, iwe ni kuuinua au kuushusha taratibu.

Sala ni jambo ambalo wengi wanaona haya kuliuliza, kwa hiyo mimi hulianza mwenyewe. Sheria imeshampa mgonjwa ruhusa ya kusali amekaa, na kiti ndicho kikao chake salama. Wengi wanajua kwamba sijda ina tabu, lakini hawafikirii rukuu. Kwa anayesali amesimama, mgongo ukilala sawasawa, nyonga imeshafika pembe mraba, na mwenye kupenda kukamilisha rukuu yake atapita hapo. Ashushe kichwa na mabega kidogo tu. Kikao cha tahiyatu kinakunja nyonga na kuizungusha kwa pamoja, kwa hiyo kisubiri mpaka daktari aseme.

Nimeyataja matakia na ngazi, lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni mapenzi ya familia. Mama anarudi kutoka hospitali, na binti zake hawamruhusu hata kujimiminia maji. Wageni wanamiminika tangu alasiri mpaka baada ya isha, naye analala kitandani kuwapokea, mto chini ya goti. Wiki ya pili mguu umekuwa mzito na paja limekonda. Goti nalo limezoea kukunjika na halinyooki tena.

Hofu ya familia kumwinua mgonjwa ina asili yake. Wazee waliokulia hapa wanakumbuka Matrah ya kabla ya 1970, wakati tiba ya kisasa hapa mjini ilikuwa hospitali ya misheni ya Wamarekani, aliyoitumikia Daktari Wells Thoms tangu mwaka 1939 hadi 1970. Siku hizo mzee aliyevunjika nyonga alilazwa chali wiki baada ya wiki, na wengi hawakuinuka; mapafu, vidonda vya mgongoni na damu iliyoganda viliwamaliza. Leo Hospitali ya Khoula, kituo cha rufaa cha taifa kwa mifupa na majeruhi, iko Mina al-Fahal ndani ya wilaya hiihii ya Matrah, na mgonjwa husimamishwa siku ileile au kesho yake. Anaposimamishwa mapema namna hiyo watoto hudhani ni ukatili. Lakini kulala ndiko kulikowaua wale wa zamani.

Damu ya miguuni inahitaji misuli ya shavu la mguu iisukume kurudi juu. Misuli ikinyamaza, damu hutuama na kuganda, na donge likikatika linaweza kupanda mpaka mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa hupewa vidonge au sindano za kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa takriban wiki 4 hadi 5. Dawa hiyo haikatizwi kwa sababu mguu hauumi, wala kwa sababu Ramadhani imeingia. Zungumza na daktari kuhusu saa za kuinywa, na ukumbuke kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula. Safari ya kwenda kuwaona ndugu Unguja nayo isubiri. Ni takriban saa tano za kukaa ndani ya ndege, na wiki za mwanzo si wakati wake.

Kuna desturi tatu za nyumbani naomba ziachwe, na nasema hivi kwa heshima, maana mimi mwenyewe nimelelewa nazo. Kwanza ni kuchua. Mguu ukivimba, shangazi huja na mafuta ya karafuu na kuanza kulikanda shavu la mguu kwa nguvu. Kama humo ndani kuna donge la damu, mkono wake unaweza kulisukuma. Uvimbe kidogo ulioenea mguuni kote, unaopungua ukiuinua mguu, ni wa kawaida kwa wiki kadhaa. Shavu la mguu lililokaza, lenye joto na maumivu, ni la kuonwa na daktari siku hiyohiyo, na pumzi ikibana ghafla au kifua kikichoma, pigeni 9999 bila kungoja. Pili ni chuku na kuchomwa kwa moto, tiba ambazo Oman inazijua tangu zamani. Mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda hachanjwi, na kidonda cha moto juu ya nyonga ya chuma ni mlango wa vijidudu. Tatu ni kupaka manjano au asali juu ya mshono. Uachwe mkavu, na bandeji ibadilishwe kama ulivyoelekezwa hadi nyuzi au pini zitolewe, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14.

Si kila mwenye nyonga mpya ni mzee. Katika wodi za Muscat utawakuta vijana wa miaka 20 na kitu waliofikishwa hapo na selimundu, ambayo wengi wetu tunaiita sikoseli. Seli nyekundu za damu zilizojikunja huziba vishipa vidogo vinavyolisha kichwa cha mfupa wa paja, nacho hufa kwa kukosa damu na kubonyea. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Oman miaka ya 1990 ulikuta watoto takriban 6 katika kila 100 wanabeba kinasaba cha selimundu, na 2 katika kila 1,000 wana ugonjwa wenyewe. Wataalamu wa vinasaba wameona katika damu ya Waomani aina yenye asili ya Bara Arabu na India, na aina nyingine zilizotoka Afrika, mojawapo ile ya Kibantu ya upande wetu. Historia ya majahazi imo ndani ya mifupa yetu.

Kijana huyu anahitaji ufuatiliaji wa aina yake. Anywe maji kwa wingi, kwa kuwa kiu inaweza kumletea maumivu ya selimundu juu ya maumivu ya mshono. Homa yoyote ichukuliwe kwa uzito. Nyonga ya pili ichunguzwe kwa kipimo cha MRI hata kama haijaanza kuuma, kwa sababu mara nyingi zote mbili huathirika. Na aambiwe ukweli tangu mwanzo kwamba huenda akafunguliwa tena maishani mwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutokana na rejista za Australia na Finland ulionyesha kwamba takriban nyonga 58 katika kila 100 hudumu miaka 25. Kwa bibi wa miaka 72 hiyo ni habari njema kabisa. Kwa kijana wa miaka 23 ni hesabu ya kupangia kazi na maisha.

Kutembea ndiko dawa yenyewe. Gongo lishikwe mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hulishika upande wa maumivu, na hata watoto wao husisitiza hivyo. Mtu anaposimama kwa mguu mmoja, misuli ya ubavu wa nyonga huvuta kwa nguvu ili kiuno kisianguke upande wa pili, na mzigo ndani ya kiungo hufika mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili. Gongo likiwa upande wa pili huisaidia misuli hiyo, na mzigo hupungua sana. Kimo chake kilingane na mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukining'inia.

Ukanda wa pwani wa Matrah ni uwanja mzuri kuliko chumba chochote cha mazoezi. Njia ni tambarare na ina viti vya kupumzikia, na kutoka soko la samaki kuelekea Riyam unaweza kuongeza hatua kila siku. Nenda baada ya alfajiri. Kuanzia Mei milima inayouzunguka mji hushika joto la mchana na kulirudisha usiku, kwa hiyo hata jioni si ya kuaminika. Wakati huo tembea ndani ya majengo ya maduka yenye ubaridi. Na siku za baridi, meli ya watalii ikiwa imefunga bandarini, usiingie sokoni na gongo lako. Vichochoro vile hujaa, na anayekupiga kumbo hajui una nini mguuni.

Miadi ya wiki ya 6 watu huja. Ya mwaka mmoja wengi hawaji, na ya baadaye haji mtu kabisa, kwa sababu mguu hauumi. Hapo ndipo ninapoomba sana. Kikombe cha plastiki kikilika, chembe zake ndogo mno huamsha mwili kupigana nazo, na katika vita hivyo mfupa wenyewe huliwa taratibu karibu na chuma. Hilo linaweza kwenda miaka bila maumivu. Picha ya eksirei huliona mapema, wakati bado kuna mfupa wa kushikia nyonga nyingine. Jino lililooza, kidonda cha sukari mguuni, mkojo unaochoma, vyote vitibiwe upesi, kwani vijidudu husafiri katika damu na hupenda kujificha kwenye chuma. Na aliyewekewa nyonga baada ya kuvunjika kwa kujikwaa tu asirudi nyumbani bila kupimwa uimara wa mifupa na vitamini D, ambayo katika nchi hizi za jua kali hupungua kwa watu wengi ajabu.

Basi bibi atakaa chini lini? Si kabla ya miezi mitatu, na si kabla daktari aliyempasua hajaiona picha na kuridhia. Siku ikifika tunajifunza pamoja. Kiti kizito kinawekwa mbele yake. Anakishika, anarudisha nyuma mguu wenye nyonga mpya, anapiga goti la mguu huohuo polepole, kisha la pili. Kuinuka ni kinyume chake: anapiga magoti akishika kiti, anatanguliza unyayo wa mguu mzima, anajisukuma juu. Akikaa, anakaa juu ya takia nene, mgongo ukiegemea ukuta, miguu imenyooka mbele na imeachana. Hainami kufuata chakula. Sinia ndilo lisogezwe mpaka lilipo goti lake.