Kabla ya Chupa Kufika Jaani

Wakazi wa Dar es Salaam wenye umri wa kutosha watakumbuka kuwa jaa la mji lilikuwa Tabata, mpaka majirani waliochoshwa na moshi na uvundo walipoushtaki mji mahakamani mwaka 1988. Baadaye likawa Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, na katika kuhama huko kote desturi ya nyumba zetu haikubadilika: kila kilichokwisha kazi, kikavu na kibichi, chenye thamani na kisicho nayo, hutiwa katika mfuko mmoja.

Ndipo hasara inapozaliwa. Zaidi ya nusu ya mzigo wa gari la taka katika miji yetu ni masazo ya jikoni, na masazo hayo huharibu yote yaliyo karibu nayo. Chupa ya maji iliyowekwa peke yake ni bidhaa. Chupa hiyo hiyo ikilala usiku mmoja katika mchuzi uliochacha, pamoja na majivu na nepi, mnunuzi huikataa, ijapokuwa plastiki yake haikupungua hata chembe. Basi maandalizi yote ya kurejeleza taka yanataka vyombo viwili: kimoja cha maganda, chicha ya nazi na mabua ya mchicha, ambayo yakifukiwa shimoni huwa mboji, na cha pili cha vitu vikavu.

Katika vitu vikavu, plastiki ndiyo inayotaka maarifa zaidi. Chini ya chombo aghalabu pana pembetatu yenye tarakimu kati ya 1 na 7, na wengi hudhani ni idhini ya kukirejeleza, ilhali hutaja aina ya plastiki tu: 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni madumu na chupa za sabuni, 5 ni ndoo na vifuniko vingi. Atakaye kuona tofauti yake kwa macho na akate kipande cha chupa ya maji na kipande cha kifuniko chake, avitie katika bakuli la maji. Cha chupa kitazama, cha kifuniko kitaelea. Viwandani, plastiki iliyokwisha kusagwa hutenganishwa kwa njia hiyo hiyo, maana aina ya 1 huyeyuka kwenye joto la nyuzi 250 hivi, na aina ya 2 kwenye nyuzi 130 hivi, wala zikiyeyushwa pamoja hazishikani. Aina ya 3 ni mbaya zaidi, kwa kuwa ikipata joto hilo kubwa hutoa asidi na kuharibu tanuri zima la chupa safi. Na ndiyo sababu mojawapo ya kutochoma plastiki uani, mahali watoto wanapocheza.

Dumu la mafuta likamuliwe, kisha lisuuzwe kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Nisingemshauri mtu anunuaye maji kwa ndoo kutumia maji safi kwa kazi hiyo. Karatasi na maboksi yasiguswe na mafuta, kwa sababu karatasi hurejelezwa kwa kufanywa rojo majini, na mafuta hayakubali maji. Makopo yajaribiwe kwa sumaku: yasiyonaswa huenda ni alumini, madini ambayo kuyayeyusha upya huokoa yapata asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuyatoa katika mawe yake. Chupa za soda za kioo zirudi dukani. Kioo kilichovunjika kifungwe ndani ya boksi, kwa hisani ya mkono wa mzoa taka, ambao mara nyingi hauna glavu. Betri za simu zitengwe na vyote, kwani ikitobolewa moja tu huweza kuwasha moto gari zima.

Sasa vipelekwe wapi? Wengi hungojea jengo lenye kibao, na kwa kungojea hupitwa kila asubuhi na mtu mwenye guta na mizani ya kuning'iniza, anayenunua chupa, madumu na chuma chakavu na kuvifikisha yadi, ambako hukusanywa hata vitoshe kupelekwa kiwandani. Yeye ndiye mlango wa kiwanda mtaani kwetu. Aulizwe aina anazonunua, kama vifuniko vitolewe au viachwe, na siku anayopita. Asipopatikana, ofisi ya serikali ya mtaa huenda ikaijua yadi iliyo karibu.

Nakusihi, msomaji, uanze na chombo cha pili, kile cha vitu vikavu, leo jioni, kabla vyombo vya chakula havijaoshwa, na mwenye guta apitapo kesho, umwite.